Makato ya Mshahara Yalitoka Wapi? Habari za Mwajiri, Serikali na Wewe Uliye Katikati

Kila mwisho wa mwezi, kwenye kibanda ninakokula chakula cha mchana pale Industrial Area, Nairobi, chapati huja na ugomvi uleule. Simu inapita mkono kwa mkono, peislipu imefunguliwa, na mwenyewe anaonyesha mistari kwa kidole chenye mchuzi. Hii SHIF inaenda wapi? Hii ya nyumba, kwani mimi niliomba nyumba? Mwezi uliopita fundi mmoja wa mitambo aliuliza swali lililonyamazisha meza nzima: "Na bosi, yeye anapata nini kwa kunikata?"

Wengine walicheka. Mimi niliona ndilo swali la maana kuliko yote niliyosikia hapo, kwa sababu wengi wetu tunadhani ugomvi huu ni wa watu wawili, mwananchi na serikali. Kumbe mezani yuko mtu wa tatu, mwenye kampuni, na yeye alikalia kiti chake zamani sana.

Kwanza tuweke hesabu wazi. Tuseme fundi wetu anapata shilingi 40,000 kwa mwezi. PAYE tuiweke kando, hiyo ni kodi ya mapato na ina habari zake. Bima ya afya, SHIF, inachukua asilimia 2.75, yaani 1,100. NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 6, yaani 2,400. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 600. Jumla 4,100. Lakini kuna mistari ambayo haimpunguzii yeye kitu: mwajiri naye anatoa 2,400 za NSSF na 600 za nyumba kutoka mfukoni mwa kampuni, pamoja na shilingi 50 za mafunzo ya viwandani. Mtu aliyeandikiwa 40,000 anaigharimu kampuni 43,050.

Mpango wa namna hii una jina: dola ya ustawi. Maana yake ni serikali inayokubali kwamba ugonjwa, uzee, ajali kazini, kukosa kazi na kukosa makao si mzigo wa mtu na jamaa zake peke yao, kisha ikatunga sheria ya kuchangisha watu ili mzigo huo ubebwe na wengi. Si ujamaa. Katika ujamaa kiwanda kinakuwa mali ya umma. Katika dola ya ustawi kiwanda kinabaki cha mwenyewe, ila mwenyewe hupewa majukumu. Kenya iko katikati ya safari hiyo: Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya afya, makao, maji, elimu na hifadhi ya jamii, lakini kuitaja haki ni jambo moja na kuilipia ni jingine.

Fikiria ploti ya kupanga kule Umoja au Pipeline. Maji, taka na taa ya ngazini ni vitu vya wote. Hakuna mpangaji atakayezunguka mlango kwa mlango akikusanya mia mbili mbili. Wa ghorofa ya tatu atasema hajapokea mshahara, wa ghorofa ya nne atasema hatupi taka nyingi. Kwa hiyo landilodi anajumlisha kila kitu kwenye kodi ya nyumba. Anakuwa mkusanyaji, na ni yeye anayetukanwa lori la taka lisipofika. Lakini pia ananufaika: ploti safi haikai vyumba vitupu. Mwajiri katika dola ya ustawi ni landilodi wa namna hiyo. Analipa, anakusanya, anatukanwa, na ana faida yake, hata kama hapendi kuitaja.

Mashine yenyewe iliundwa kwanza Ujerumani, na aliyeiunda hakuwa rafiki wa wafanyakazi. Mwaka 1878 Kansela Otto von Bismarck alipitisha sheria ya kupiga marufuku vyama na magazeti ya wasoshalisti. Alijua pia kwamba rungu peke yake halimfanyi mtu akupende. Ndipo zikafuata sheria tatu: bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali kazini mwaka 1884, na pensheni ya wazee na wasiojiweza mwaka 1889, ambayo mzee alianza kuipata akiwa na miaka 70. Kwenye bima ya ugonjwa mfanyakazi alitoa theluthi mbili na mwajiri theluthi moja. Pensheni waligawana nusu kwa nusu, serikali ikaongezea chake. Ajali ilikuwa ya mwajiri peke yake.

Hapo kwenye ajali ndipo uvumi mmoja mkubwa unapovunjika, ule wa kwamba matajiri siku zote walipinga mambo haya na serikali ikawalazimisha. Kwa sheria ya Ujerumani ya 1871, mtu aliyekatwa mkono na mashine alitakiwa kuthibitisha mahakamani kwamba kosa lilikuwa la mwenye kiwanda au wasimamizi wake. Wengi walishindwa. Wachache walioshinda waliwagharimu wenye viwanda fedha nyingi, na hakuna aliyejua kesho nani atashtakiwa. Louis Baare, mkurugenzi wa kampuni kubwa ya chuma mjini Bochum, ndiye aliyeiandikia serikali mwaka 1880 akipendekeza bima. Tajiri mwenyewe alikwenda kubisha mlango. Alichotaka ni gharama inayojulikana mapema badala ya kesi isiyotabirika. Mwishowe kila upande ukaacha kitu: mfanyakazi akaacha haki ya kushtaki, naye mwajiri akaacha kisingizio cha "halikuwa kosa langu".

Usidhani hayo ni ya Bismarck tu. Sheria ya fidia ya majeraha kazini tuliyo nayo Kenya, ile ya 2007 ambayo mawakili na wafanyakazi huiita WIBA, ina patano hilohilo. Ukiumia kazini humpeleki mwajiri kortini kumdai fidia. Unapitia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na mwajiri analazimika kuwa na bima. Sehemu za sheria hiyo zilibishaniwa kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipoziidhinisha Desemba 2019. Fundi anayelalamika kwamba hawezi kumshtaki bosi wake kwa kidole alichopoteza anagombana, bila kujua, na patano lililofungwa Ujerumani miaka zaidi ya mia moja iliyopita.

Uingereza ilichukua mashine hiyo ikaongeza kitu kingine. Mwaka 1911, David Lloyd George akiwa waziri wa fedha, sheria ya bima ya taifa ilimtaka mwanamume mwenye ajira atoe peni 4 kwa wiki, mwajiri 3 na serikali 2. Serikali ikaitangaza kwa maneno matamu, kwamba unapata peni tisa kwa nne. Mwajiri alinunua stempu na kuzibandika kwenye kadi ya mfanyakazi kila wiki. Kadi ile ndiyo nyanya yake peislipu.

Wakati ule kulikuwa na kampuni kubwa za bima kama Prudential, zenye maajenti waliopita nyumba kwa nyumba kila wiki kukusanya senti za bima ya mazishi. Ziliogopa serikali itazinyang'anya mkate. Zikashawishi, zikapiga kelele bungeni, na pensheni ya wajane iliyokuwa kwenye mpango ikaondolewa. Kisha kampuni hizohizo zikaruhusiwa kuendesha bima ya serikali kupitia vyama vilivyoidhinishwa. Hivyo biashara ikawa na kofia mbili: inalipa kwenye mfuko, na inalipwa na mfuko. Utaratibu huo ulidumu hadi baada ya ripoti ya William Beveridge ya 1942, na tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ikaanza huduma ya afya inayolipiwa kwa kodi.

Kofia hizo mbili tunazivaa hapa kila siku. Hospitali za binafsi Nairobi zinaisubiri SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, ilipe bili. Sehemu ya pili ya mchango wa NSSF, mwajiri anaweza kuomba iende kwenye mpango wa pensheni wa binafsi, na wapo wasimamizi wa fedha wanaoishi kwa ada za kuitunza. Ukisikia "wafanyabiashara wanasema" kuhusu makato, uliza ni wafanyabiashara gani, wanaolipa au wanaolipwa.

Sasa Uswidi, nchi ambayo kila mtu kwenye kibanda chetu ameisikia na karibu kila mtu ameielewa vibaya. Uvumi ni kwamba kule matajiri wanakamuliwa ndipo maskini wanalishwa. Ukweli una ladha nyingine. Mnamo miaka ya 1920 Uswidi ilikuwa miongoni mwa nchi zenye migomo mingi zaidi Ulaya, na mwaka 1931 wanajeshi waliwapiga risasi waandamanaji katika eneo la Ådalen, wakafa watu watano. Desemba 1938 chama cha waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi walikutana Saltsjöbaden, mji wa mapumziko karibu na Stockholm, wakatia sahihi mkataba wa namna ya kutatua magomvi yao bila kuisubiri serikali iwaamulie. Wafanyakazi walikubali kwamba mwenye kampuni ndiye anayeendesha kampuni. Waajiri nao wakakubali kwamba vyama vya wafanyakazi ni wenzao wa kudumu mezani. Kampuni kubwa hazikuvunjwa, zilikua.

Ndiyo maana hata leo kodi ya faida ya kampuni Uswidi ni asilimia 20.6, ilhali yetu Kenya ni asilimia 30. Usishtuke. Fedha kule zinatoka kwingine: VAT ni asilimia 25 kwa bidhaa nyingi, yetu 16, na juu ya kila mshahara mwajiri analipa michango ya kijamii ya asilimia 31.42. Kwa maneno mengine, Uswidi haimbani sana tajiri kwenye faida. Inachukua kwenye mishahara na kwenye matumizi, kwa watu wote, halafu inawarudishia watu wote. Anayewaambia Wakenya kwamba ustawi wa Uswidi utapatikana kwa kuwabana mabilionea kumi hivi, hajaiangalia risiti ya duka la Uswidi.

Marekani iliingia kwa mlango wa nyuma. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili serikali ilidhibiti mishahara isipande. Kampuni zilizokuwa zikigombania wafanyakazi hazikuweza kuongeza pesa, basi kuanzia 1942 zikaongeza bima ya matibabu, kwa kuwa hiyo haikuhesabiwa kuwa mshahara. Njia ya mkato ya wakati wa vita ikawa mila. Ukifukuzwa kazi kule, bima inaweza kuondoka pamoja na kazi. Mwenye kadi ya bima ya kampuni hapa Nairobi anaijua hofu hiyo vizuri.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo mambo yanapokolea. Mkoloni hakutujengea dola ya ustawi, lakini alikuwa na mpango wake, na ulikuwa wa ujanja. Mfanyakazi wa Nairobi alilipwa mshahara wa kapera. Alipewa chumba, kama vile vya reli pale Muthurwa, na ilidhaniwa mke, watoto na wazazi wako kijijini wanalishwa na shamba. Akiugua sana alirudi nyumbani. Akizeeka alirudi nyumbani. Shamba la mama yake ndilo lililokuwa bima ya afya, pensheni na mfuko wa wasio na kazi, na mwajiri hakulilipia hata senti. Tunaposema eti zamani hakukuwa na makato, tukumbuke makato yalikuwepo. Yalikatwa mgongoni mwa wanawake waliolima.

Mpango huo ulianza kupasuka kwa migomo: bandarini Mombasa 1939 na 1947, Nairobi Mei 1950 baada ya viongozi wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa. Mwaka 1954 kamati iliyojulikana kwa jina la mwenyekiti wake, Carpenter, ilisema mshahara wa mjini uelekee kuwa wa kutosha kulea familia. Si huruma iliyowasukuma. Kiwanda chenye mashine za bei hakiwezi kuendeshwa na watu wanaobadilishwa kila baada ya miezi sita, sawasawa na Krupp, mwenye viwanda vya chuma vya Essen, Ujerumani, aliyewajengea wafanyakazi wake nyumba katika karne ya 19 ili mafundi wasimkimbie.

Wajibu wa mwajiri kuhusu makao ungali kwenye sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka ampe mfanyakazi nyumba au posho ya kutosha kupanga. Mstari ule wa posho ya nyumba juu ya peislipu yako, basi, umetoka Muthurwa. Na mstari wa ushuru wa nyumba ulio chini yake umetoka bungeni: uliwekwa 2023, Mahakama Kuu ikaukataa Novemba mwaka huo, ukarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Mistari miwili, makao yaleyale, falsafa mbili. Wa kwanza unamwambia mwajiri, mpe mtu wako mahali pa kulala. Wa pili unamwambia, tupe sisi tumjengee mtu yeyote. Mfanyakazi anayeiona yote miwili kwenye ukurasa mmoja ana haki ya kukuna kichwa.

Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa waziri wa kazi, serikali, Shirikisho la Waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi vilitia sahihi mkataba wa mahusiano viwandani. Kwangu mimi hiyo ndiyo Saltsjöbaden yetu, na nashangaa watoto hawaisomi shuleni. Tofauti ni kwamba serikali yetu haikukaa pembeni. Mwaka 1965 ilivunja mashirikisho yaliyokuwa yakishindana na kuunda moja, COTU. Mwaka huohuo ikatoka NSSF, na pia waraka maarufu wa serikali Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambao ulisema wazi kwamba matibabu, elimu na pensheni kwa wote ni lengo, lakini kuvitoa vyote bure wakati ule kungeifilisi nchi. Bima ya hospitali, NHIF, ikafuata 1966.

Angalia nani aliambiwa alipe nini. Kwenye NSSF, mwajiri na mfanyakazi sawa kwa sawa. Kwa miaka mingi ilikuwa 200 kwa 200, hadi sheria ya 2013, iliyokwama mahakamani karibu miaka kumi, ilipoanza kutumika Februari 2023. Kwenye bima ya afya, mfanyakazi peke yake. Ilikuwa hivyo kwa NHIF na imebaki hivyo kwa SHIF iliyoanza Oktoba 2024, tena sasa bila kikomo, ambapo zamani mchango wa juu kabisa ulikuwa 1,700. Bismarck, pamoja na ukali wake wote, alimtoza mwajiri theluthi. Ukitaka hoja ya kubishania mezani, iko hapo, kuliko kuuliza tu kwa nini tunakatwa.

Ila ukiishinda hoja hiyo, usifurahi haraka. Nusu ya mwajiri hutoka wapi? Bosi akipanga kuajiri haangalii 40,000, anaangalia 43,050. Akitakiwa naye atoe 1,100 za SHIF kama zako, ikawa 44,150, mwakani mkizungumza nyongeza atakumbuka. Wachumi wengi wanakubaliana kwamba sehemu kubwa ya mchango wa mwajiri, muda ukipita, huishia kwenye mishahara isiyopanda. Si yote, na si siku hiyohiyo.

Kuna tatizo lingine ambalo hakuna Mjerumani aliyelifikiria. Mashine hii inahitaji mlango wa kiwanda, mahali ambapo watu wengi wanalipwa na mtu mmoja mwenye daftari. Kenya, kazi zaidi ya nane kati ya kumi ziko nje ya mlango huo: Gikomba, Kamukunji, bodaboda, vibanda kama hiki tunachokula. Mama anayetupikia hana bosi wa kumkata. SHIF yake inakadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba anayoishi na vitu alivyo navyo, na anatakiwa ailipe mwenyewe. Yeye anakiamini chama chake cha kuchangiana cha kila Alhamisi, kwa sababu anamjua mweka hazina na anajua pa kumpata. Kwa hiyo mzigo unazidi kurudi kwa wale wale wenye peislipu, kwa vile ndio walio karibu na mkono.

Swali la fundi basi. Bosi anapata nini kwa kukukata? Fedha zenyewe si zake. Anatakiwa aziwasilishe mapema mwezi unaofuata. Anachopata ni mtu anayetibiwa akarudi kazini, mzee anayestaafu bila kugombana naye, ajali isiyomfikisha kortini. Na anapata jambo moja zaidi ambalo sheria haikukusudia alipate: siku kadhaa, pesa zako zikiwa mkononi mwake.

Nilimwambia fundi hayo yote, naye akaniuliza atajuaje kama zimefika. Nikamwambia aombe taarifa ya NSSF, alinganishe na peislipu mwezi kwa mwezi. Wiki iliyofuata alikuja nayo imechapishwa, imekunjwa mara nne mfukoni. Peislipu zilionyesha makato kila mwezi. Kwenye taarifa, miezi mitatu mfululizo ilikuwa mitupu. Mama alileta chapati, na safari hii simu haikupita mezani, ilipita karatasi.